Simu Haimsikii Waridi

Simu haikumsikia dada yangu, Yaya Waridi. Aliweka kidole juu ya kioo, akabonyeza, akabonyeza tena kama mtu anayeua kunguni, na matone yakapita chini ya kidole chake bila kuwaka.

"Ona," alisema. "Hata kitu hiki kinanidharau."

Ulikuwa mchezo wa mvua. Ukiufungua unaona dirisha, paka amelala, na matone yanashuka taratibu kuelekea mstari ulio chini. Tone likifika kwenye mstari unaligusa, nalo linawaka rangi ya chungwa na kutoa sauti ndogo ya kinanda. Nyuma yake kuna ngoma ya polepole, na mkwaruzo kama wa mchanga ndani ya kopo. Basi. Hakuna adui, hakuna alama, hakuna wa kumkimbia. Mwanzoni kabisa wameandika kwa Kifaransa kwamba hapa hakuna anayeshindwa.

Simu ile niliinunua kwa mtu aliyetoka Bukavu, na mchezo ulikuwa tayari ndani yake. Sikuwahi kuufungua. Mimi ni mtu wa pikipiki na wa mashairi. Napenda maneno, tena maneno yanayokwenda mbio. Muziki usio na neno hata moja niliuona kama harusi isiyo na bibi harusi. Aliyeufungua ni Soraya, binti wa Waridi, mwenye vidole vyepesi kama vya mtu anayechambua mchele. Aligusa matone yote bila kukosa, kisha akamsogezea mama yake simu.

"Mama, muuguzi alisema utafute kitu cha polepole. Si hiki hapa?"

Waridi ni mkubwa wangu, ndiyo maana namwita yaya. Mimi nilibaki Kasongo katika chumba kimoja cha nyumba ya baba, yeye akaolewa Salamabila, akafiwa na mume huko, akabaki huko na kinu. Kule wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu wanaitwa mama twangezi. Kinu chao ni kipande cha bomba la chuma, mchi ni chuma pia, na jiwe linapondwa mpaka linakuwa unga kama wa muhogo. Siku aliyoteremka kwenye gari la mizigo hapa Kasongo, akiwa na Soraya na furushi moja, nilisikia kikohozi chake kabla sijaona uso wake.

Nilimpeleka kwa muuguzi Émérance. Alisikiliza kifua, mbele na nyuma, akavua vyombo vyake masikioni.

"Unaponda au unachekecha?"

"Ninaponda," Waridi alisema.

"Afadhali. Wanaochekecha hawafiki kwangu." Kisha akatueleza bila kuzunguka: kifua kimejaa unga wa mawe, dawa yake hana, na atakayesema anayo anadanganya. "Usirudi kwenye vumbi, mama. Ukirudi, mimi sina la kukufanyia. Na pumzi ikikukamata usipigane nayo. Tafuta kitu cha polepole, ukifuate."

"Kitu gani?"

"Chochote. Wimbo. Tasbihi. Mtoto anayelala."

Ndiyo sababu tulikuwa tumekaa barazani na mchezo wa mvua, na ndiyo sababu nilikasirika simu ilipokataa. Nilimpandisha yaya kwenye pikipiki mpaka sokoni, kwa Blaise, fundi wa simu anayekaa chini ya mwavuli.

"Kioo kimekufa," nilimwambia.

Blaise aligusa. Tone likawaka. Akagusa jingine, likawaka. "Kioo ni kizima, Hamadi. Na wewe siku hizi unasikiliza lofi?"

"Lofi ni nani?"

"Si mutu. Ni huu muziki. Muziki wa wanafunzi wa kizungu, wanausikiliza wakisoma. Weye ukisikiliza utalala juu ya pikipiki."

"Mupe yaya ajaribu."

Waridi akajaribu. Tone likapita. Blaise akafuta kioo kwa shati lake, akampa tena. Likapita. Akaushika mkono wa Waridi, akaugeuza, akatazama kiganja. Vidole vilikuwa na ngozi ngumu, ya manjano, iliyopasuka kama udongo wa kiangazi. Akacheka.

"Mama, simu inatafuta ngozi ya mutu. Weye umevalisha vidole viatu!"

Watu waliokuwa wakisubiri wakacheka. Nilimshika Blaise ukosi wa shati na kumwinua kutoka kwenye kigoda chake.

"Rudia! Rudia hilo neno!"

"Hamadi, wacha mutoto wa watu," Waridi alisema. Alikuwa akicheka na kukohoa pamoja. "Amesema kweli. Tena amesema vizuri kuliko mashairi yako."

Nilimwachia. Lakini tangu pale nilikuwa na vita yangu. Vidole vile nilitaka kuvivua viatu.

Kila asubuhi, kabla sijatoka kutafuta abiria, nilimwekea beseni la maji ya moto. Analoweka mikono, nampaka mafuta ya mawese, kisha nasugua kwa lile jiwe jeusi la kusugulia nyayo.

"Jiwe tena!" alipiga kelele siku ya kwanza. "Maisha yangu yote mimi napiga jiwe, leo jiwe linanilipa."

Wakati vidole vyake bado vilikuwa havisikiki, nilimgusia matone mimi. Yeye aliegemea ukuta, amefumba macho, pumzi yake ikitafuta ngoma ile ya polepole kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Mara nyingine aliipata. Mabega yalishuka, na ile filimbi ya kifuani ikatulia. Mimi sikuipenda. Sikuelewa kwa nini apone kwa muziki bubu wakati ndugu yake anaalikwa kwenye harusi za mji mzima akaghani. Siku moja nikazima simu na kumghania shairi langu zuri kuliko yote, lile la mto Lualaba. Kabla sijafika nusu alikuwa ameshika kifua, mdomo wazi.

"Yanakimbia, Hamadi," alisema alipoweza kusema. "Maneno yako yananikimbiza. Washa mvua."

Niliumia, sitaficha. Nikaenda nikakaa peke yangu na kutunga jingine, fupi, lenye hatua ya ngoma ile. Nikamletea, tukalisema juu ya muziki, yeye mstari mmoja kwa kila pumzi:

*Mvua shuka polepole,*
*na mawe yabaki kule,*
*pumua, yaya, ulale,*
*hakuna kinu milele.*

"Hili sawa," alisema. "Hili limejua kukaa."

Soraya alilisikia akalishika mara moja. Alikuwa bado nasi, lakini si kwa muda mrefu. Kule Salamabila kinu hakiachwi kitupu. Usipoonekana, mwenye shimo, ambaye wanamwita Pedeje, anampa mtu mwingine nafasi yako. Waridi alitaka Soraya arudi akakae karibu na kinu, akae tu, na jirani yao Julienne apitishe mchi mara mojamoja ili kionekane kina mwenyewe. Shule zikifunguliwa mtoto arudi Kasongo aanze darasa.

Nilipinga. "Kinu cha nini? Émérance amesema usirudi."

"Na siku mkinichoka hapa, nitakwenda wapi?"

"Nani atakuchoka?"

"Hamadi, weye una chumba kimoja na pikipiki inayokunywa mafuta kuliko mlevi. Usiniapie."

Soraya alipanda gari la mizigo. Alininong'oneza, "Mujomba, umusugue vizuri. Nikirudi nataka tushindane naye." Nikamwambia katika mchezo ule hakuna anayeshindwa. "Ndiyo sababu nitamushinda," alisema, akacheka.

Mikono ya Waridi ilikubali polepole. Ngozi ya manjano ilitoka kama maganda ya viazi, chini yake ikatokea nyingine, nyekundu kidogo, ya kitoto. Kikohozi hakikuondoka, ila kilipungua makali. Alianza kupika. Alianza kunisema kwa sababu ya nguo zangu. Na asubuhi moja, akiwa ameshika simu bila kutazama sana, kidole chake kikagusa tone na tone likawaka.

Akagusa jingine. Likawaka, na kinanda kikalia.

"Inanisikia," alisema. "Hamadi! Iko inanisikia!"

Nilirukaruka uani kama mwehu. Niliishika mikono yake nikaionyesha kwa jirani aliyekuwa akianika mpunga. Nilisema hii sasa ni mikono ya bibi wa ofisini, hakuna Pedeje chini ya jua atakayeipa mchi. Niliamini kwamba nimemtoa kule. Niliamini nimemtoa kwa mikono yangu miwili.

Bado tulikuwa tunacheka André alipoingia uani. Yeye ni mwenzangu wa pikipiki, anabeba abiria wa machimboni. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na habari njema ya kutupa.

"Mama Soraya! Binti yako, we! Anatwanga! Nilipita karibu na shimo nikasikia mapigo, nikasema huyu ni Waridi, amerudi lini? Kuangalia, ni mutoto. Mapigo yako kabisa! Amekufanana."

Waridi aliweka simu chini. Matone yakaendelea kushuka yenyewe.

"Anatwanga yeye? Si Julienne?"

"Julienne amekwenda kwao Kabambare, zamani. Ni mutoto peke yake. Na anajua, eh! Pedeje Grégoire anamusifu mbele ya watu."

André alitegemea shukrani, hakupata hata maji. Waridi alikuwa tayari anafunga furushi lake.

Tuligombana mpaka jirani akaja kuamua. Nilimwambia abaki, nitamfuata Soraya mimi. Akasema Soraya ana kichwa kama changu, hatanisikia. Lazima yeye mwenyewe aketi kwenye kinu, ili mtoto asimame.

"Hawatakukubali," nilimwambia. "Tazama mikono yako."

"Twende tutazame wote," alisema.

Nilimbeba mimi. Nisingekubali abebwe na mtu mwingine. Barabara ilikuwa matope, na penye madaraja ya magogo aliteremka akavuka kwa miguu, anashika kifua, anasimama, anavuka. Waya wa simu ulikuwa masikioni mwake njia nzima. Kila nilipogeuka nilimwona midomo inacheza: *mvua shuka polepole.*

Salamabila unaisikia kabla ya kuiona. Chuma juu ya chuma, mahali mia, kila mmoja na mpigo wake, na juu ya yote vumbi jeupe lililosimama kama pazia. Soraya alikuwa chini ya turubai, kitambaa kichwani, mchi unapanda na kushuka. Alipotuona hakuacha kupiga. Alimaliza jiwe lililokuwemo, akafuta jasho, ndipo akaja kutuamkia.

"Toka hapo," Waridi alimwambia. "Hapo ni mahali pangu."

Pedeje Grégoire hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anakula karanga. Alimsikiliza Waridi mpaka mwisho, kisha akasema kama anavyowaambia wote wanaoomba kinu:

"Onyesha mikono."

Waridi akaificha kwanza nyuma, kisha akaitoa. Grégoire akabonyeza kiganja kwa kidole gumba. Mimi nilisimama pale nikingoja neno moja tu, *hapana*, nimpandishe yaya kwenye pikipiki, na mtoto nyuma yake.

"Mama, hii ni mikono ya madame," Grégoire alisema. "Ukipiga asubuhi, saa sita itatoka damu. Mutoto abaki kwenye kinu, anakijua. Weye nakupa chekeche. Ni kazi nyepesi, inafaa mikono hii."

Chekeche lilikuwa pembeni, kitambaa chembamba kilichofungwa kwenye fremu ya mbao. Kikongwe mmoja alikuwa anatikisa unga juu yake, na unga ulipanda na kumfunika uso. Ni macho tu yaliyokuwa na rangi.

Sikumbuki vizuri niliyosema. Nilimwita Grégoire mla mapafu. Nilimwambia karanga anazotafuna ni meno ya wajane. Nilisema mengi, tena yalipangika, na watu waliacha kuponda wakasikiliza. Mmoja alipiga makofi. Grégoire alitafuna mpaka nilipochoka.

"Kijana, unaongea vizuri. Lakini mimi sikumuita dada yako. Mulango uko wapi? Ule. Wachukue wote, wapeleke."

Nikamgeukia Soraya. "Panda pikipiki."

"Twende wapi, mujomba?"

"Kasongo. Shule."

"Na tutakula nini kule? Mashairi yako?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza, akangoja, na mikono yake ilikuwa kiunoni kama ya mtu mzima. Mimi, ambaye nimeshindana kwa maneno na watu wa miji mitatu, nilianza kuhesabu nilicho nacho. Pikipiki ilikuwa inahitaji tairi. Chumba kilikuwa kimoja. Yeye hapa alikuwa na sufuria yake, nguo zake mpya, jina lake lililosifiwa.

"Nitabaki naye," Waridi alisema. "Nitamusema polepole. Atachoka, tutakuja wote. Nenda, Hamadi."

"Yaya, Émérance alisema wanaochekecha..."

"Nilikuwepo aliposema. Niachie simu."

Nilimwachia.

Mvua za kweli zilikuja, na barabara ikafungika. Nilipata abiria wa Kabambare zilipopungua, na kutoka Kabambare nikaendelea hadi Salamabila peke yangu. Nilianza kusikia wimbo kabla sijazima injini. Wanawake walikuwa wanaponda pamoja, mpigo mmoja, wa polepole, na ngoma ile ilikuwa ngoma ya simu yangu. Maneno yalikuwa yangu pia. Karibu yote.

*Mvua shuka polepole,*
*na mawe yabaki kule,*
*twanga, yaya, usilale,*
*hakuna kinu milele.*

"Pedeje anaupenda," mwanamke mmoja aliniambia, akijua mimi ndiye mtungaji, akidhani nitafurahi. "Kwa mwendo huu tunaponda mpaka jioni bila kuchoka. Tutungie mwingine."

Waridi alikuwa ndani ya kibanda, siku hiyo hakuweza kutoka. Alikuwa mwepesi, mkeka haukuwa na bonde chini yake. Unga ulikuwa umeingia kwenye nyusi na kwenye mistari ya shingo, na kuoga hakukuutoa tena. Alitaka kunisalimu, akaishia katikati ya jina langu. Alionyesha simu kwa kidevu.

Soraya aliingia, amesikia pikipiki. Alikuwa amenenepa mabega.

"Anataka mvua," alisema. "Ngoja, mama, nikugusie. Siku nyingi sijacheza."

Alipiga magoti kandokando ya mkeka. Muziki ukaanza, paka amelala dirishani, ngoma, mchanga ndani ya kopo. Tone la kwanza likashuka kwenye mstari, Soraya akaligusa kwa kidole chake kile chepesi. Likapita. Akagusa la pili. Likapita. Akafuta kioo kwa kitenge, akagusa, akabonyeza, akabonyeza kwa nguvu.

"Mujomba," alisema, "simu yako imeharibika."

Nilinyoosha mkono nikaichukua. Niliigeuza upande wangu ili asione, na nikagusa tone kwa kidole changu. Likawaka. Kinanda kikalia, kidogo sana. Soraya hakusikia, alikuwa ameshainua kichwa kuelekea turubai, ambako mapigo yalikuwa yanaendelea bila yeye.

Waridi alisikia. Alinitazama. Kisha akatazama mikono ya mtoto wake, iliyolala juu ya kitenge, viganja juu, na vidole vya manjano vilivyoanza kupasuka.

Hakuwa na pumzi ya neno, ila alitikisa kichwa, mara moja, kunikataza nisimwambie.

"Ndiyo," nilimwambia Soraya. "Imeharibika."

"Mupelekee Blaise."

"Nitamupelekea."

Alirudi kwenye kinu. Niliiweka simu juu ya mkeka, karibu na sikio la yaya. Hakuna aliyegusa. Matone yalishuka moja moja, yakafika kwenye mstari, yakapita. Ngoma ilipofika mwisho, maandishi yakatokea juu ya dirisha, yakatupongeza kwa kucheza vizuri, na mvua ikaanza upya.